Mambo ya kuzingatia kabla ya kuweka taimingi ya injini ya dizeli

Kuweka taimingi ni kupanga pistoni, valvu na pampu ya mafuta vifanye kazi kwa wakati unaolingana. Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Pistoni inabana hewa mpaka hewa yenyewe inapata joto la kuunguza mafuta, na pampu inatakiwa kusukuma mafuta hayo muda huohuo, si kabla wala baada. Pistoni nayo inapanda mpaka karibu kabisa na hedi, hivyo valvu iliyochelewa kufunga itagongwa. Mambo yanayofuata yamalize kabla hujagusa stata.

Toa waya wa hasi wa betri.

Tafuta kitabu cha injini hiyohiyo, ukifuata namba iliyogongwa kwenye bloku. Jina la gari halitoshi, kwa sababu gari la jina moja linaweza kufungwa injini tofauti.

Alama ziweke kabla hujatoa gia wala pampu. Osha uchafu wote, tia rangi kwenye kila jino la gia lenye alama, kisha kwaruza mstari unaovuka flenji ya pampu na bloku kwa ncha ya chuma. Chaki usiitegemee, dizeli itaifuta hata kabla hujamaliza kufungua boliti.

Hakikisha unajua silinda namba moja iko upande gani. Kwenye injini nyingi ni upande wa puli, ila nyingine zimehesabiwa kutoka kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la upande wa pili.

Kupata pistoni namba moja juu ni nusu tu ya kazi. Katika kila mizunguko miwili ya krenki, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, pistoni hiyo inafika juu mara mbili: mara moja kwenye kompresheni, yaani inapobana hewa, mara nyingine inapomaliza kusukuma moshi nje. Wewe unaitaka ile ya kompresheni. Kama kava la valvu limeshatoka, tazama silinda pacha, yaani namba 4 kwa injini ya silinda nne, au namba 6 kwa injini ya silinda sita zilizo kwenye mstari. Zungusha krenki polepole. Pale valvu ya eksozi ya silinda hiyo inapomalizia kufunga huku ya hewa ikianza kufunguka, namba moja iko juu kwenye kompresheni.

Alama ya puli nayo uipime kabla ya kuiamini. Puli nyingi zina mpira kati ya kitovu na duara la nje. Mpira ukichoka, duara linateleza na alama inahama nalo, hivyo puli inaweza kukuonyesha pistoni iko juu wakati haiko. Hakiki kwa alama ya flaiwili, au kwa geji ya saa inayogusa pistoni yenyewe. Ukiwa hapohapo, kagua kii ya krenki, kile kipande cha chuma kinachozuia gia au puli isiteleze kwenye krenki, kama haijalika.

Sasa gia ya kati, ile inayopokea mzunguko wa krenki na kuupeleka kwenye gia nyingine, na hapa naomba utulie, maana nimeona lori likilala gereji kwa jambo hili. Fundi aliyelishika alikuwa mzoefu wa injini za mkanda, ambazo krenki huzungusha kemshafti kwa mkanda badala ya gia. Alipanga gia vizuri kabisa, kila alama ikakutana na mwenzake. Akazungusha krenki mara mbili ili kuhakiki, akakuta alama za gia ya kati zimepotea. Akadhani amekosea, akavuta gia, akapanga upya, akazungusha, zikapotea tena. Alirudia hivyo mpaka akawa hatazami tena alama, anatafuta tu mkao ambao zitarudi. Katika kuvuta na kurudisha, gia ya pampu ikakaa jino moja nyuma, kava likafungwa. Injini iliwaka kwa shida, moshi mweupe, nguvu hakuna. Zikalaumiwa nozeli zinazopulizia mafuta, zikabadilishwa. Ikalaumiwa pampu, ikashushwa na kupimwa. Mwenye lori alilipia vitu ambavyo havikuwa na kasoro, na dereva wake akakaa bila kazi muda wote huo. Roho iliniuma, kwa sababu mara ya kwanza kabisa alikuwa amepatia.

Ona hesabu yake. Tuseme gia ya krenki ina meno 28, ya kemshafti (shafti inayofungua valvu) 56, ya kati 45. Krenki ikizunguka mara mbili, yanapita meno 56. Gia ya kati inakuwa imemaliza mzunguko mmoja na kuzidi kwa meno 11, kwa hiyo alama yake lazima iwe imehama. Kwa meno hayo, zote zitakutana tena krenki ikishazunguka mara 90. Ukishapanga na kuzungusha mara mbili, iache gia ya kati. Angalia kama alama za krenki na kemshafti zimerudi mahali pake, kisha hakiki kwa valvu za silinda pacha. Wala usiseme jino moja ni dogo: kwenye gia hizo ni kama digrii 13 za krenki, wakati pampu hurekebishwa kwa digrii moja moja.

Kuzungusha ni kwa mkono, kwa spana, kufuata upande injini inakozungukia. Ukipitiliza alama, rudi nyuma vya kutosha kisha uijie upya, ili ulegevu wa meno usikudanganye. Ikigoma, simama! Usiongeze bomba kwenye spana. Huenda valvu imegusa pistoni, au kuna maji ndani ya silinda. Pini ya taimingi, inayochomekwa kushikilia krenki kwenye alama, nayo isitumike kuzuia krenki wakati unakaza boliti ya puli, itakatika au itatoboa nyumba yake. Kwa injini za mkanda, ukibadilisha mkanda badilisha na tenshena pia, yaani kifaa kinachoukaza.

Siku ya kuwasha, andaa kibao cha kuziba njia ya hewa, kwani dizeli ikishindwa kuzimika inapaa mizunguko yenyewe, na kuzima swichi hakutasaidia. Kibao, si kiganja. Nguo zilizolegea zifunge, watazamaji wakae mbali na feni. Uvujaji wa bomba la nozeli usiupapase kwa mkono, tumia kipande cha boksi, kwani mafuta ya shinikizo lile hupenya ngozi. Yakikupenya, nenda hospitali saa hiyohiyo hata kama huoni jeraha la maana.