Jinsi ya Kupanga Safari ya Siku Moja Aveiro, Mji wa Mifereji wa Ureno

Aveiro uko karibu na pwani ya Atlantiki, kiasi cha kilomita 75 kusini mwa Porto, na ndiyo maana wengi huutembelea kwa kutoka Porto asubuhi na kurudi jioni. Anayetoka Lisbon pia anaweza, ila treni ya kasi itamchukua saa mbili na ushee kila upande, na siku yake itabaki fupi.

Chagua siku kwanza, ndipo uchague treni. Epuka Jumatatu, kwa sababu makumbusho ya Ureno kwa kawaida hufungwa siku hiyo. Kutoka Porto kuna treni za aina mbili: ya mjini, inayoanzia stesheni ya São Bento, husimama vituo vingi na hutumia saa moja na zaidi kidogo; ya masafa marefu hupandiwa Campanhã, hufika kwa muda mfupi zaidi na kila abiria ana kiti chenye namba. Kwa safari ya siku moja ninapendekeza ile ya mjini, kwa kuwa jioni hutalazimika kukimbilia kiti ulichokwisha kukilipia. Kumbuka kupitisha tiketi yako kwenye mashine kabla ya kupanda. Ratiba huandikwa kwa mtindo wa saa 24, kwa hiyo 17:00 ni saa kumi na moja jioni.

Ukishuka Aveiro, usikimbilie mjini kabla ya kulitazama jengo la stesheni ya zamani, lililo jirani na hii mpya, ambalo kuta zake zimepambwa kwa vigae vya buluu na vyeupe vinavyoonyesha mandhari na kazi za watu wa eneo hilo. Kisha fuata barabara ya Avenida Dr. Lourenço Peixinho, ni mwendo wa miguu wa dakika kama ishirini hadi mfereji mkuu. Vaa viatu visivyoteleza, kwani njia zilizotandazwa vijiwe huwa laini mno zikilowa mvua.

Panda mashua mapema, kabla ya makundi ya watalii kujaa gatini. Mashua hizo huitwa moliceiro, jina lililotokana na moliço, yaani majani ya majini yanayofanana na mwani, ambayo watu waliyavuna katika wangwa mkubwa wa Ria de Aveiro na kuyatumia kama mbolea katika mashamba ya mchanga. Mbolea za viwandani zilipoingia, kazi ile ilififia, na sasa mashua hubeba wageni, bila mlingoti wala tanga, kwa matembezi ya kama dakika 45. Usiridhike na picha ya mbali. Sogea uitazame mashua yenyewe: ina michoro minne, miwili omo na miwili tezi, na kila mmoja una maneno yake chini. Mingine ni ya watakatifu au ya wavuvi, na mingine ni utani wa mapenzi ambao ungemfanya mtu anayejua Kireno ageuze uso kwa haya akiwa na wakwe zake.

Mifereji itakuingia akilini vizuri zaidi ukijua kwamba mwaka 1575 dhoruba iliziba mlango wa bahari, biashara ya bandari ikaanguka na watu wengi wakahama, hadi mlango mpya ulipochimbwa na kufunguliwa mwaka 1808. Mji wenye utajiri kabla ya hapo unauona katika Makumbusho ya Aveiro, yaliyomo ndani ya iliyokuwa nyumba ya watawa ya Jesus. Humo limo kaburi la marumaru za rangi la binti mfalme Joana, aliyefariki mwaka 1490, pamoja na kanisa lililonakshiwa kwa mbao zilizopakwa dhahabu. Yape makumbusho haya saa moja na nusu.

Kabla ya chakula cha mchana, onja ovos moles, kiini cha yai kilichopikwa kwa sukari na kufungwa ndani ya kaki nyembamba yenye umbo la kombe, samaki au pipa. Kaki hunata kwenye kaakaa na utamu wake ni mkali, hivyo kimoja au viwili vinatosha. Asiyekula nguruwe aulize kuhusu vitamutamu vingine, kwa sababu baadhi ya keki za Ureno hutiwa mafuta yake. Kwa mlo wenyewe, agiza mchuzi wa mikunga au bacalhau, samaki aliyetiwa chumvi na kukaushwa, ambaye kwa mpenzi wa ng'onda hatakuwa mgeni kabisa.

Mchana una njia mbili, na kwa maoni yangu usijaribu zote. Ya kwanza ni mashamba ya chumvi ya Troncalhada, pembeni mwa mji, ambako majira ya joto utaona maji yakikaushwa na jua katika vijaruba na chumvi ikirundikwa kando. Ya pili ni basi la kwenda Costa Nova, kijiji cha nyumba za mbao zenye milia, ambazo asili yake ni maghala ya wavuvi, karibu na mnara wa taa wa Barra wenye urefu wa mita 62. Chukua koti hata kama ni Julai, kwani alasiri upepo wa kaskazini huvuma kwa nguvu ufukweni. Ukishuka tu, piga picha ya ratiba ya kituoni, kwa kuwa mabasi ya kurudi hupungua wikendi, na hesabu muda wako kuanzia treni ya jioni kurudi nyuma.