Ukipigiwa kelele ukiwa kwenye baiskeli, usigeuke kwanza

Wanaoendesha baiskeli hapa Arusha, hasa kushuka Ngaramtoni kuja Sakina, hii iwasaidie. Kupigiwa kelele utapigiwa tu, iwe konda anayening'inia mlangoni au watoto wanatoka shule, "we, tairi linazunguka!", "tairi la nyuma linalifukuza la mbele!", na shingo inataka kugeuka yenyewe. Usigeuke. Ukiangalia nyuma kulia mabega yanafuata, mkono unavuta usukani, na baiskeli inahamia kulia huko huko kwenye magari maana sisi tunakaa kushoto, na kwenye mteremko ule ni sekunde tu upo mbele ya daladala.

Ila msipuuze kila kitu, kuna wanaokuambia ukweli: "stendi ya baiskeli iko chini!", "dada, dera!", "mzigo huo!" Dera au khanga ikishaingia kwenye cheni inajisokota mpaka baiskeli inagoma ghafla na wewe unaenda chini, so hapo aliyekuitia kakuokoa, mshukuru. Kikitajwa kitu kama hivyo, sio ule utani wa tairi, acha kupiga pedali, shika breki taratibu, sogea pembeni, weka mguu chini ndo uangalie. Hakijatajwa kitu kama hivyo, macho mbele.

Na nyie madereva mnaotoa kichwa dirishani kumpigia mtu ukelele sikioni, huo sio utani jamani, mtu anakufa hapo.

Anayeweza afunge kioo cha pikipiki upande wa kulia wa usukani, fundi baiskeli anakufungia hapo hapo ukisubiri, unaona nyuma bila kugeuza shingo.