Kuchagua Mafuta ya Shokapu za Mbele kwa Pikipiki ya Safari Ndefu

Namba ya W (kama 5W au 10W, inayokusudiwa kuonyesha uzito wa mafuta) iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye chupa ya mafuta ya shokapu ndiyo inayowapoteza wanunuzi wengi, kwa kuwa kampuni hazilazimiki kuifuata kwa kipimo kimoja. Mwongozo huu ni kwa mwenye pikipiki kubwa anayebeba abiria na masanduku masafa marefu, awe anafanya kazi hii mwenyewe au anamwelekeza fundi wake.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba tatizo ni mafuta

Springi ndiyo inayobeba uzito, na mafuta hudhibiti tu kasi ya springi hiyo kubonyea na kurudi. Inua gurudumu la mbele, pima urefu wa bomba linalong'aa lililo wazi, kisha pima tena ukiwa umekaa juu ya pikipiki yenye mzigo wote wa safari. Tofauti ya vipimo hivyo iwe kati ya robo na theluthi ya mwendo mzima wa shokapu. Kwa shokapu ya milimita 150, hiyo ni takribani milimita 38 hadi 50. Ikizidi hapo, unahitaji springi ngumu zaidi au kuikaza iliyopo, na hakuna mafuta yatakayokuokoa.

Mimi mwenyewe niliwahi kupuuza kipimo hiki. Pikipiki ilikuwa ikiinama mno nikishika breki, nikaweka 15W mahali pa 10W, nikaondoka Dar es Salaam kuelekea Mbeya. Breki zilitulia kweli, lakini kwenye yale matuta madogo yanayofuatana kabla ya kila kijiji shokapu haikuwahi kurudi juu kabla ya tuta linalofuata, ikawa inazidi kuzama na kuwa ngumu, na nilipofika Iringa viganja vilikuwa vimekufa ganzi.

Hatua ya 2: Tambua aina ya shokapu

Shokapu ya kawaida yenye fimbo ya matundu hupitisha mafuta katika matundu yasiyobadilika, kwa hiyo mnato wa mafuta, yaani uzito wake, ndio karibu kila kitu, na aghalabu hutumia 10W. Shokapu yenye katriji ina vali zenye visahani vinavyopinda, nayo huhitaji mafuta mepesi, mara nyingi 5W. Ukiiwekea mazito unaziharibia vali hizo kazi yake. Kwa pikipiki za BMW zenye mfumo wa Telelever, usihangaike: mafuta ya mabomba ya mbele hulainisha tu, na kazi ya kutuliza mtikisiko hufanywa na shokapu moja iliyo nyuma yake.

Hatua ya 3: Soma sentistoki, acha W

Kipimo cha kulinganisha ni mnato katika nyuzi joto 40 za Selsiasi, unaoandikwa kwa sentistoki, kifupi chake cSt. Hupatikana katika karatasi ya maelezo ya kiufundi kwenye tovuti ya mtengenezaji, mara chache kwenye chupa yenyewe. Utakuta 5W ya kampuni moja ina cSt 16 na ya nyingine ina cSt 26, yaani mtu anaweza kununua "5W ile ile" na kupata pikipiki tofauti kabisa. Tafuta kwanza cSt ya mafuta yaliyotajwa katika kitabu cha matengenezo cha pikipiki yako, kisha nunua yanayoikaribia, hata kama namba ya W haifanani. Ukitaka kitu cha katikati, changanya mafuta mawili ya kampuni moja na ya aina moja.

Kwenye karatasi hiyo hiyo angalia pia kielezo cha mnato (viscosity index). Kadiri kilivyo kikubwa, ndivyo mafuta yanavyobadilika kidogo kutoka baridi ya alfajiri ya Makambako hadi joto la mchana la Chalinze.

Mafundi wengine hutumia mafuta ya haidroliki ya mitambo, namba 32. Namba hiyo ni cSt 32 katika nyuzi 40, kwa hiyo si mbali na 10W nyingi, ila kielezo chake cha mnato kwa kawaida ni kidogo na hulegea mapema yakipata joto. Mafuta ya injini ya 20W-50 ni jambo jingine: katika nyuzi hizo huzidi cSt 150, na hayafai kamwe.

Hatua ya 4: Pima pengo la hewa

Usifungue kifuniko cha juu kabla ya kuinua gurudumu, kwa sababu springi itakirusha. Baada ya kumwaga mafuta ya zamani na kujaza mapya, pandisha na kushusha shokapu taratibu mpaka mapovu yaishe, subiri dakika 10, kisha, springi ikiwa nje na shokapu ikiwa imebonyezwa hadi mwisho, pima kutoka ukingo wa bomba hadi uso wa mafuta. Fuata kipimo cha kitabu, na pande zote mbili zilingane.

Hewa iliyobaki juu hufanya kazi kama springi ya pili. Iwapo shokapu hugonga mwisho katika mashimo makubwa lakini kwingine inakwenda vizuri, punguza pengo kwa milimita 5, ujaribu barabara ile ile kwa mzigo ule ule, kabla ya kufikiria kununua chupa nyingine.