Jinsi ya Kuitetea Shule ya Upili ya Mjini Kabla Haijafungwa

Shule kubwa ya umma haifi siku linapotolewa tangazo. Hudhoofika mwaka baada ya mwaka, na mzazi au mwanafunzi wa zamani hapa Mombasa anayetaka kuinusuru sharti aanze kwa kuhesabu. Omba idadi ya wanafunzi wa kila darasa kwa miaka mitano iliyopita, uipange katika ukurasa mmoja, kisha uingie ndani ujionee. Katika shule moja kisiwani niliyoitembelea, chumba cha mkondo wa nne kilikuwa kimejazwa viti vilivyovunjika miguu hadi usawa wa dirisha, na nyuma yake ubao ungali na tarehe ya somo la mwisho. Hakuna mzazi aliyekuwa amearifiwa kwamba mkondo ule umeondolewa.

Idadi hiyo ndiyo fedha. Serikali iliweka mgao wa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, kwa hiyo shule iliyopungukiwa na wanafunzi 100 hupungukiwa na shilingi 2,224,400, ilhali paa linalovuja na mshahara wa mlinzi viko pale pale. Mwalimu aliyeajiriwa na bodi huachishwa kazi, somo lake likafa, na wazazi wakiona hivyo huwapeleka watoto kwingine. Tangu Gredi ya 10, yaani mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu, ianze Januari 2026, hatari hii ni kubwa zaidi, maana mwanafunzi huchagua shule kwa kutazama masomo yanayofundishwa. Ndiyo sababu nashauri kwamba swali lako la kwanza kwa Bodi ya Usimamizi liwe hili: ni somo gani limekosa mwalimu, na tangu lini?

Uangalie sana mwaka ambao darasa jipya halikuingia. Huko Chicago, Marekani, iliamuliwa mwaka 2012 kwamba shule ya upili ya Walter H. Dyett ifungwe polepole kwa kutopokea wanafunzi wapya. Kufikia 2015 walikuwa wamebaki 13. Wakazi 12 waligoma kula kwa siku 34, na mgomo ukiwa ungali unaendelea ikatangazwa kwamba itafunguliwa upya, na ikafunguliwa mwaka 2016. Nawastahi mno watu wale, na kwa ajili yao nasisitiza kwamba pingamizi litolewe darasa la kwanza linapokosekana, wala lisingoje la mwisho.

Malalamiko yaandikwe. Usiishie kwa mwakilishi wadi, kwani Katiba ya 2010 imezipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, huku shule za upili zikibaki chini ya serikali ya kitaifa. Barua iende kwa Bodi, na nakala kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti. Ya upungufu wa walimu iende TSC, tume inayoajiri walimu wa shule za umma. Katika barua ya Bodi uombe pia kuonyeshwa hatimiliki ya ardhi, kwa kuwa kiwanja kikubwa katikati ya mji, chenye madarasa matupu, hakikosi wanaokimezea mate. Taja Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, inayoitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21, na usitoke pale kaunta kabla nakala yako haijapigwa muhuri wenye tarehe, kwani siku hizo utazihesabu kuanzia hapo.