Kupima kina na kuchukua sampuli kwenye kisima cha uchunguzi

Maji yaliyosimama ndani ya bomba la kisima si maji ya ardhini. Yamekaa na hewa, yamepoteza gesi, yamegusa kutu. Unachotaka ni yale yaliyo nje ya bomba, na kujua yamefika kina gani kabla hujayavuruga.

1. Maandalizi. Anza na kisima safi, umalizie kile unachoshuku. Osha tepu ya kupimia kina, ile inayolia ikigusa maji, kwa sabuni isiyo na fosfeti, kisha suuza kwa maji yaliyokenekwa. Sahihisha kipima pH (kiwango cha asidi) asubuhi hiyohiyo kwa myeyusho wa pH 4, 7 na 10. Kwa kipima oksijeni, weka shinikizo la hewa la mahali ulipo: Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na kifaa kilichoachwa kwenye mpangilio wa pwani kitakosea kwa takriban moja ya tano.

2. Kina cha maji. Fungua kifuniko, subiri dakika 10 hadi 15, kwa sababu hewa iliyofungiwa husukuma maji juu au chini. Uliza kama kuna pampu inayofanya kazi jirani; kama ipo, iandike. Shusha tepu mpaka ilie, ipandishe kidogo, ishushe tena, usome kwenye alama iliyochongwa ukingoni mwa bomba. Hakuna alama? Chonga kwa tupa, uiandike kwenye daftari, la sivyo vipimo vya mwaka ujao havitalinganishika. Soma mara mbili. Tofauti ikizidi sentimita 1, rudia. Tepu ikilia juu sana, huenda ni matone kwenye kuta za bomba: punguza usikivu wake.

3. Hesabu ya maji yaliyosimama ndani ya bomba. Tumia kipenyo cha ndani. Bomba la milimita 50 hubeba lita 1.96 kwa kila mita. La milimita 100, lita 7.85. Kisima cha mita 30 chenye maji kuanzia mita 18.40 kina safu ya mita 11.60: lita 23 katika bomba la kwanza, 91 katika la pili. Zidisha kwa tatu, ndicho kiasi cha kutoa.

4. Kutoa maji ya zamani. Weka pampu usawa wa sehemu ya bomba yenye matundu, ambako maji ya ardhini huingia, ivute maji polepole. Ndoo ya kamba hutibua tope. Itumie ukikosa kingine. Pima pH na upitishaji umeme kila dakika 3 hadi 5. Vipimo vitatu mfululizo vikitofautiana si zaidi ya 0.1 kwa pH na 3% kwa upitishaji umeme, maji mapya yamefika. Usikikaushe kisima: maji yakichuruzika kutoka kwenye matundu hupigwa na hewa na chuma kilichoyeyuka hugeuka kutu. Kikikauka hata hivyo, acha kijae, uchukue sampuli ndani ya saa 24. Jenereta ikae upande ambao upepo unaelekea, si unakotoka.

5. Chupa. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika.

Floraidi, ambayo miamba ya volkano ya Bonde la Ufa huitoa kwa wingi, iwekwe kwenye chupa ya plastiki, kwani inaweza kushikana na kioo. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani (WHO) ni miligramu 1.5 kwa lita, hivyo kosa dogo hubadilisha jibu. Kwa metali zilizoyeyuka, chuja kwanza kwa kichujio cha mikroni 0.45, ndipo uongeze asidi ya naitriki mpaka pH ishuke chini ya 2. Ukitanguliza asidi, metali zilizoshikamana na tope zitayeyuka na maabara itakupa namba kubwa ya uongo.

Kisumu, mitaa kama Manyatta na Nyalenda, ambako visima na vyoo vya shimo hukaa karibu, naitreti na bakteria ndio wa kuangaliwa. Chupa ya bakteria iwe imetakaswa. Usiisuuze, usiguse mdomo wake, acha nafasi ya sentimita 2 juu. Iweke kwenye barafu, ifike maabara ndani ya saa 6, isizidi 24.

Kila sampuli kumi, ongeza moja ya pili kutoka kisima kilekile, yenye namba tofauti ili maabara isiitambue.

6. Mwisho, pima kina cha sakafu ya kisima. Kazi hii hutibua tope, ndiyo maana haifanywi mwanzoni; kwa hesabu ya hatua ya 3 tumia kumbukumbu za uchimbaji. Sakafu ikipanda hadi kufunika matundu, kisima kinahitaji kusafishwa kabla ya sampuli nyingine.