Kupima moto wa jua kwa sufuria, na kuufuata hadi kitovuni

Sufuria, nusu lita ya maji na dakika kumi za jua kali zinatosha kukuonyesha ni tani ngapi za haidrojeni jua hutumia kila sekunde. Hesabu yenyewe ni ya kuzidisha na kugawanya tu. Watu hukosea kwenye sufuria.

Kwanza, siku. Nairobi iko nyuzi 1.3 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la utosi hasa huja mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 17 Machi na 26 Septemba. Wala halifiki utosini saa sita kamili: saa zetu hufuata longitudo 45, ilhali jiji liko karibu 37, hivyo jua hufika juu kabisa mnamo saa sita na nusu, likipishana kama robo saa kutegemea mwezi. Juni na Desemba linainama nyuzi 22 hadi 25 kutoka utosini. Ukipima wakati huo, gawanya jibu kwa 0.92. Julai achana nayo, mawingu yatakuchosha.

Tafuta sufuria ya aluminiamu yenye mdomo wa sentimita 20 na uipake ndani rangi nyeusi isiyong'aa. Isipopakwa, sehemu kubwa ya mwanga itarudi ulikotoka. Mwambie fundi wa vioo akukatie kioo cha dirisha cha milimita 3 cha kuifunika, maana upepo wa juu ya paa huiba joto, na maji yanayogeuka mvuke huiba zaidi. Kalisha sufuria juu ya stairofomu, ile inayokuja kwenye katoni ya televisheni, si juu ya zege: zege la saa sita litakupa joto ambalo hukulipima. Kaa mbali na mabati na kuta nyeupe.

Pima uzito wa sufuria tupu, kisha utie gramu 500 za maji. Hapa ndipo penye siri: maji yaanze yakiwa baridi kuliko hewa ya kivulini kwa nyuzi 3 hivi. Yatamaliza yakiwa yameizidi hewa kwa kiasi kama hicho, hivyo joto yaliloazima mwanzoni litakaribiana na yatakalolipoteza mwishoni. Claude Pouillet, Mfaransa aliyepima nguvu ya jua miaka ya 1830, alilitatua tatizo hilo hilo kwa kupima pia kivulini, kabla na baada. Koroga, soma kipimajoto, funika, weka juani dakika 10, kisha ukoroge tena kabla ya kusoma. Usipokoroga utapima maji ya chini tu, yaliyogusana na rangi nyeusi. Jua lenyewe usilitazame.

Tuseme sufuria ina gramu 300 na maji yamepanda nyuzi 6.5. Kupandisha maji hayo nyuzi moja kunahitaji jouli (vipimo vya nishati) 2,093, na sufuria jouli 270, jumla 2,363. Zidisha kwa 6.5, gawanya kwa sekunde 600, unapata wati 25.6. Mdomo wa sufuria una mita za mraba 0.0314, kwa hiyo ni wati 815 kwa mita ya mraba. Kioo hupitisha karibu asilimia 85: gawanya kwa 0.85, upate 959. Anga safi juu ya jiji lililo karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari hupitisha takriban robo tatu: gawanya kwa 0.75, upate 1,279. Setilaiti hupata 1,361. Kukosa kwa asilimia 6 kwa chombo cha kupikia ugali si haba.

Sasa toka nje ya sufuria. Jua liko umbali wa kilomita milioni 149.6, na mwanga wake umetandazwa juu ya tufe lenye nusu kipenyo hicho, yaani mita za mraba 2.81 × 10²³. Zidisha kwa ile 1,279: wati 3.6 × 10²⁶. Nishati hiyo ni uzito uliogeuka, kwa kanuni ya E = mc²: gawanya kwa mraba wa kasi ya mwanga, 9 × 10¹⁶, upate kilo bilioni 4. Jua hupungua tani milioni 4 kila sekunde. Protoni nne, yaani viini vinne vya haidrojeni, zikiungana kuwa kiini kimoja cha heliamu, asilimia 0.7 ya uzito hugeuka nishati. Basi gawanya kwa 0.007, na haidrojeni inayotumika ni tani milioni 570 kwa sekunde. Kwa kipimo cha setilaiti ni karibu milioni 600.

Usidanganyike kwamba huo ni mlipuko. Gawanya nguvu yote kwa uzito wa jua, kilo 2 × 10³⁰, na kila kilo inatoa wati 0.0002 tu. Kilo moja ya mwili wako uliokaa kitako hutoa zaidi ya wati 1. Hata kitovuni, kwenye nyuzi milioni 15, protoni moja husubiri kwa wastani mabilioni ya miaka kabla ya kuungana na mwenzake, maana mmoja wao lazima ageuke nyutroni papo hapo wanapokutana, na hilo hutokea kwa nadra mno.

Na mbona moto huo haupandi wala kuzimika? Jiko la makaa ukilipepea huzidi kuwaka. Jua hufanya kinyume. Muungano ukiongezeka kidogo, shinikizo hupanda na kitovu hutanuka kikiinua uzito ulio juu yake. Kutanuka huko hukipoza. Joto likishuka asilimia 1, kasi ya muungano hushuka karibu asilimia 4. Kitovu kikipoa kupita kiasi, uzito hukikandamiza tena na joto hurudi. Wengi husema mwanga ndio unaolizuia jua lisiporomoke, lakini mchango wa mwanga haufiki asilimia 1 ya shinikizo. Uzito hubebwa na gesi moto. Kazi ya muungano ni kurudisha joto linalovuja.

Ndiyo maana ile 1,361 huyumba kwa takriban asilimia 0.1 tu katika mzunguko wa miaka 11 wa madoa ya jua. Sufuria haiwezi kuliona hilo. Ukipata 1,100 leo na 1,400 wiki ijayo, tafuta utando wa mawingu siku ya kwanza, na siku ya pili wingu jeupe lililokaa kando ya jua likikurushia mwanga wa ziada.