SOMO: Kuitambua pikapu ya zamani kwenye filamu hata kama imeshafumuliwa

Wakuu, tukiona pikapu ya kizamani kwenye filamu ya Kimarekani wengi tunakimbilia usoni: shoo (wavu wa mbele ya rejeta), taa, bampa. Huko ndiko fundi anakoanza kuchezea, maana vyote vinafunguka kwa spana. Rimu, rangi na nembo usiseme. Anzeni na kebini, yaani chumba cha dereva. Kuihamisha nguzo ya kioo cha mbele ni kukata na kuchomelea, na wachache wanathubutu.

Hatua ya 1. Tafuta mwaka filamu iliporekodiwa, siyo mwaka wa hadithi. Hadithi ya 1947 iliyorekodiwa 1975 inaweza kubeba gari la 1955 na watazamaji wasishtuke.

Hatua ya 2. Simamisha picha, uangalie kioo cha mbele. Hapa ndipo penye utamu. Chevrolet za umbo lililoanza 1947 zina kioo cha vipande viwili, na mstari katikati, mpaka 1953. Mwaka 1954 kikawa kipande kimoja, na shoo ikabadilika: fito za kulala zilizopangana zikaondoka, ikaja nondo nene ya kulala inayokatwa na nyingine ya kusimama. Ukiona shoo hiyo chini ya kioo cha vipande viwili, mtu kachanganya magari. Ford F-1 ya 1948 yenyewe ilitoka na kipande kimoja tangu mwanzo.

Mwaka 1953 Ford wakaleta F-100. Ile ya 1956 ndiyo rahisi kuliko zote: kioo kimekunja hadi pembeni, nguzo imesimama wima. Umbo hilo lilipata kioo hicho mwaka mmoja tu, kwani 1957 kebini ikaja mpya kabisa. Nikishaiona nguzo ile, sihangaiki na shoo.

Hatua ya 3. Mlango. Chevrolet ilipata kioo kidogo cha pembetatu 1951, na kitasa cha kubonyeza 1952. Milango hubadilishwa, kwa hiyo hii ni ya kuthibitisha tu. Wapenzi wa magari ya mapambo hunyoa vitasa kabisa, yaani huvitoa na kuziba matundu.

Hatua ya 4. Bodi, yaani sehemu ya mizigo nyuma. Madigadi yaliyotokeza nje ni mtindo wa zamani. Chevrolet ilileta ubavu laini kwa pikapu yake ya Cameo 1955, Ford ikafuata 1957 kwa bodi iliyoitwa Styleside. Bodi hufunguliwa kwa bolti, usiliamini peke yake.

Na kama paa limekatwa kushushwa? Kioo kitakuwa chembamba kama jicho la anayesinzia, wakati mlango chini ya dirisha una kimo chake cha kawaida.

MASWALI

Swali: Mkuu, usukani uko kulia kwenye filamu ya Marekani. Limegeuzwa?
Jibu: Soma kwanza kibao cha namba na maandishi ya ukutani. Yakisomeka kinyume, picha ndiyo imegeuzwa, gari halina kosa.

Swali: GMC na Chevrolet natofautishaje?
Jibu: Za miaka hiyo kebini ni ileile, tofauti iko usoni. Uso ukibadilishwa, kwa picha peke yake huwezi kuapa. Andika "Chevrolet au GMC" uendelee na maisha.

Swali: Na lile gari la wahamaji kwenye filamu ya The Grapes of Wrath ya 1940, ni pikapu gani?
Jibu: Siyo pikapu. Ni Hudson ya abiria iliyokatwa nyuma, ikawekewa bodi la mizigo. Ndiyo maana mbele inakaa kisaluni: milango na boneti ni vya gari dogo.

Swali: Njia hii inafaa kwa Peugeot 404 zilizokuwa matatu Kenya?
Jibu: Inafaa sana. Pikapu ya 404 ilitoka kiwandani ikiwa pikapu, na sura ya mbele ni ya saluni, usidhani imekatwa. Kilichoongezwa gerejini ni banda la abiria la nyuma. Litoe banda hilo kichwani, uanzie kwenye kebini.